Elimu Kwanza, Saini Baadaye

Mwezi uliopita, nikiwa Songwa, wilayani Kishapu, mwalimu mmoja niliyepata kumfundisha alinionyesha fomu ya mkopo wa nyumba. Alijua jambo moja tu: kiasi kitakachokatwa kwenye mshahara wake. Tukapiga hesabu. Shilingi milioni 30, kwa riba ya asilimia 15 kwa mwaka, zikilipwa kwa miaka 15, ni takribani 420,000 kila mwezi. Jumla inazidi milioni 75. Alinyamaza.

Tangu Shirika la Nyumba la Taifa liundwe mwaka 1962, mjadala wetu umekuwa juu ya idadi ya nyumba; mnunuzi tumemsahau. Nani humweleza tofauti ya hatimiliki na hati ya hakimiliki ya kimila? Nani humwambia kwamba Sheria ya Ardhi, Na. 4 ya mwaka 1999, inataka ridhaa ya mwenza kabla ya nyumba ya familia kuwekwa rehani?

Ushauri wa afisa mikopo hautoshi, kwani kazi yake ni kukopesha. Napendekeza kila mradi wa nyumba za gharama nafuu ulazimike kumpatia mnunuzi, kabla ya saini, mshauri asiyelipwa na muuzaji wala benki. Halmashauri zetu zina maafisa ardhi na maafisa maendeleo ya jamii, tuanzie hapo.

Mwalimu yule hakuikataa nyumba. Aliikunja fomu, akasema anakwenda kwanza kuzungumza na mkewe.