Mlinzi wa mikoko alipwe kwa mkataba anaouelewa

Neno 'hewa' halina sifa njema katika Kiswahili cha magazeti yetu. Mfanyakazi hewa ni yule anayelipwa mshahara ilhali hayuko. Mradi hewa ni ule uliogharimu mamilioni bila kuchimbwa hata msingi. Si ajabu basi kwamba mwananchi anapoelezwa kuwa wageni wamekuja kununua hewa ya msitu wake, wazo la kwanza linalomjia ni kwamba pana ulaghai. Lugha yenyewe ndiyo iliyomfunza kushuku.

Ninazungumzia utaratibu ambao wataalamu huuita malipo ya huduma za mfumoikolojia. Jina ni refu, lakini maana yake ni nyepesi. Msitu huhifadhi maji, hushikilia udongo na kufyonza gesi ya kaboni, na aghalabu wanaofaidika na kazi hiyo huishi mbali nao. Basi wanaofaidika wawalipe wanaoutunza. Kosta Rika ilipitisha sheria yake ya misitu mwaka wa 1996, na tangu 1997 imekuwa ikiwalipa wenye mashamba wanaohifadhi au kupanda miti, sehemu kubwa ya fedha hizo ikitokana na kodi ya mafuta ya magari. Leo misitu imefunika zaidi ya nusu ya nchi hiyo, ingawa wachunguzi wangali wanabishana kuhusu sehemu ya ufanisi huo iliyoletwa na malipo na ile iliyoletwa na sheria iyo hiyo kuharamisha ufyekaji.

Humu nchini mifano ipo. Wakulima wadogo wa Wanjohi na wa sehemu za juu za mto Turasha hulima miteremko ambayo udongo wake husombwa na mvua hadi Ziwa Naivasha, na ziwa hilo ndilo linalonywesha mashamba ya maua. Mwaka wa 2010 watumiaji wa maji ya ziwa walianza kuwapa wakulima hao vocha za kununulia pembejeo, nao wakulima wapande miti na majani ya kuzuia mmomonyoko na waache kulima ukingoni mwa mito.

Kisha kuna Gazi, katika Kaunti ya Kwale. Tangu mwaka wa 2013 wanavijiji wa Gazi na Makongeni wamekuwa wakilinda hekta 117 za mikoko, na kaboni inayohifadhiwa humo, yapata tani 3,000 kwa mwaka, ikiuzwa ng'ambo. Fedha zilizopatikana zimeingia katika maji ya bomba na shule. Mradi wenyewe unaitwa Mikoko Pamoja. Mwanaisimu hawezi kupita hapo bila kusimama: maneno mawili tu, na hakuna bibi yeyote wa Kidigo atakayehitaji mkalimani.

Wapo wanaopinga malipo haya kwa hoja nzito. Wanasema wazee wa Kimijikenda walizilinda kaya zao kwa karne nyingi bila kulipwa senti, na kwamba ukimzoesha mtu kulipwa ili asikate mti, siku malipo yatakapokoma atachukua shoka. Hoja hiyo naiheshimu, lakini inasahau jambo moja. Aliyejinyima kuni za kaya ndiye huyo huyo aliyezikwa na kuombewa humo. Gharama na faida zilikaa katika ukoo mmoja. Mkulima wa Wanjohi anayeacha ukanda wa shamba lake bila viazi hauzi maua Ulaya. Kumtaka ajitolee kwa jina la uzalendo ni kumtoza kodi ambayo tajiri aliye bondeni hatozwi.

Kwa hiyo alipwe. Swali langu ni malipo hayo tunayaita nini, na yameandikwa kwa lugha gani.

Chukua kitenzi 'kuuza'. Ukiuza mbuzi, mbuzi huondoka nawe hubaki na fedha. Katika biashara ya kaboni hakuna kinachoondoka. Mikoko hubaki Gazi. Kinachobadilika ni kwamba mlinzi wake amejifunga kwa miaka kadhaa asiikate wala asiruhusu ikatwe. Huo, kwa Kiswahili safi, ni ujira wa ulinzi. Anayedhani ameuza ataamka siku moja akiuliza kama msitu bado ni wake. Anayejua amelipwa ujira atauliza swali lenye manufaa zaidi: ni kiasi gani, kwa muda gani, na mwajiri akikosa kulipa itakuwaje?

Mbaya zaidi ni tafsiri ya 'mikopo ya kaboni', ambayo nimekutana nayo mara nyingi katika maandishi. Mfasiri aliona neno la Kiingereza linalotumiwa na mabenki, akaandika mkopo. Mkopo ni deni! Mwanakijiji anayeambiwa kwamba kijiji chake kimepata mikopo ya kaboni ana haki ya kuuliza italipwa lini na kwa riba gani. Kinachouzwa ni hati inayothibitisha kuwa tani moja ya gesi imezuiwa au imeondolewa hewani. Mimi ningeiita stakabadhi ya kaboni. Mwenye neno bora na alilete, mradi lisiwe lenye kumgeuza mdai kuwa mdaiwa.

Sheria imeanza kusaidia. Marekebisho ya mwaka wa 2023 ya Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi yanadai kuwe na mkataba wa maendeleo baina ya mwenye mradi na jamii, na kwamba katika miradi ya ardhi jamii ipate angalau asilimia 40 ya mapato ya mwaka uliotangulia. Ni hatua kubwa. Hata hivyo, asilimia 40 ya mapato na asilimia 40 ya faida ni vitu viwili tofauti kabisa, na asiyeitambua tofauti hiyo atatia kidole gumba mahali popote atakapoonyeshwa. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 7, imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi pia. Sioni kwa nini mkataba wowote wa aina hii usajiliwe bila nakala ya Kiswahili yenye nguvu sawa mbele ya mahakama, na maelezo ya mdomo kwa Kidigo, Kitaita, Kisamburu au lugha nyingine yoyote ya wenyeji.

Hapa ndipo walimu wanapohitajika. Mwalimu wa Kiswahili wa Msambweni au wa Ol Kalou anaweza kuchukua ukurasa mmoja wa mkataba, awape wanafunzi kama zoezi la tafsiri, kisha wakausome barazani mbele ya wazazi. Muda uliowekwa kwa mradi wa Gazi ni miaka 20, hadi 2033. Watoto walioanza shule ya msingi mwaka ule mradi ulipoanza watakuwa wamefika umri wa kuketi katika kamati ya kijiji na kujadiliana masharti mapya na wanunuzi.