Nimetozwa faini kwa kukaza nati



Mimi ni dereva wa semitrela. Napakia bandarini Dar es Salaam na kushusha ng'ambo ya mpaka. Wiki hii nimeandikiwa faini ya shilingi 30,000 kwa kosa la kusimamisha gari kando ya barabara. Nilisimama hapo ili nikaze nati za gurudumu la tela ili lisichomoke na kuua watu.

Tairi la ekseli ya mwisho lilipasuka usiku, nikajikokota hadi kwenye kibanda cha fundi pancha katika mji mdogo wa njiani. Kijana akaja na mashine yake ya upepo, akazifyatua nati kwa zamu, akapachika spea. Rimu la spea hiyo lilikuwa limepakwa rangi upya, rangi nene ya fedha, maana tajiri wangu, mwenye gari, anapenda lipendeze. Nikamwambia kijana akwangue rangi pale rimu linapokutana na habu, yaani kitovu cha gurudumu, kabla ya kufunga. Akacheka: "Mzee, nikishaifunga mimi hii, hata tembo haing'oi." Nikakwangua mwenyewe kwa bisibisi kadiri nilivyoweza, huku gari lililokuwa nyuma yangu kwenye foleni likipiga honi. Alipomaliza na mashine, alichomeka bomba la maji kwenye mkono wa spana, akapanda juu yake kwa miguu yote miwili na kuanza kurukaruka.

Wasomaji wasioijua kazi hii watadhani kwamba nati ikishakazwa hivyo mambo yamekwisha. Sivyo. Nati inapokazwa huivuta bolti kidogo, na mvuto huo ndio unaolibana rimu kwenye habu. Kama katikati kuna rangi, kutu au vumbi, gari likitembea na mzigo vitu hivyo vinasagika na kubonyea, mvuto unapungua, rimu linaanza kucheza, na nati zinafunguka zenyewe. Ndiyo maana mafundi wanaoijua kazi yao husema gurudumu likishafunguliwa, nati zikaguliwe tena baada ya kilomita 50 hadi 100 za kwanza. Na ule mtindo wa kurukia bomba si dawa. Zile bolti za milimita 22, kumi kwa kila gurudumu, kwa kawaida hutaka nguvu ya nyutoni-mita 600 hivi, na kipimo hicho hupatikana kwa spana ya kipimo, si kwa uzito wa kijana aliyeshiba ugali. Bolti iliyokazwa kupita kiasi hurefuka, na siku moja hukatika.

Kabla ya kuondoka pale kibandani nilichora mstari wa chaki kwenye kila nati, ukashuka hadi kwenye rimu. Nati ikizunguka hata kidogo, mstari unakatika na unauona kwa macho.

Basi nikaanza kutafuta mahali pa kusimama nikague. Hapakuwepo! Bega la barabara ni jembamba, na mahali pengine limeliwa na maji. Sehemu zilizokuwa za kuegesha malori zimejaa vibanda na malundo ya kokoto. Kwenye kituo cha mafuta kilichokuwepo njiani walinifukuza kwa sababu sikununua mafuta. Mwishowe nikapata sehemu iliyonyooka, nikasogea pembeni kabisa, nikaweka triengo mbele na nyuma, utingo akasimama nyuma na kitambaa chekundu. Nilipoinama kwenye gurudumu nikakuta mistari minne ya chaki imekatika. Chini ya nati moja rangi ilikuwa imesagika, chuma kikang'aa kama pete. Nilipotia spana ikazunguka bila mimi hata kukunja uso.

Nikiwa nimepiga goti pale, akafika trafiki na pikipiki. Nikamsalimia. Akauliza nani kaniruhusu kuegesha hapo. Nikamwonyesha chaki iliyokatika, nikamweleza. Jibu lake: "Mimi sikuja kuangalia chaki. Leta leseni." Akakagua stika, kizima moto, mikanda na taa, vyote vikawa sawa. Kwenye gurudumu hakutupa jicho. Akaniandikia, nikapewa namba ya malipo, nikaambiwa niondoke mara moja. Nilimbembeleza mpaka nikamalizia nati zilizobaki.

Sasa nauliza: dereva afanye nini? Utaalamu unasema simama ukaze. Barabara haina pa kusimama. Ukisimama, unatozwa. Anayepona faini ni yule anayeendelea na safari huku nati zikifunguka, mpaka gurudumu lichomoke lenyewe. Na gurudumu la lori pamoja na rimu lake lina zaidi ya kilo 100. Likichomoka gari likiwa kwenye kilomita 80 kwa saa, halisimami pale lilipoangukia. Linatangulia mbele peke yake, na huko mbele ndiko waliko bodaboda, watoto wa shule na kina mama wanaouza nyanya. Tukifika mizani tunapimwa hadi kilo ya mwisho tusizidi tani 56, na hilo silipingi, barabara ni yetu sote. Lakini sijawahi kumwona mtu pale mizani akiinama kuangalia nati moja.

Nina mdogo wangu anaendesha malori Kanada, jimbo la Ontario. Huko, baada ya watu kuuawa na magurudumu yaliyochomoka, mwaka 1997 walitunga sheria: gurudumu likitoka kwenye gari, mwenye gari anatozwa kuanzia dola 2,000 hadi dola 50,000 za Kanada, na kusema "nilikagua" hakumwokoi. Kwetu tajiri hanunui spana ya kipimo, hanunui hata vile vishale vya plastiki vinavyovishwa kwenye nati kuonyesha imelegea, na faini inakatwa kwenye posho ya dereva.

Halafu kuna hili linalonichoma zaidi. Safari hiyo hiyo, kabla tairi halijapasuka, tulisimamishwa malori na mabasi kando ya barabara, bila triengo wala kibali, tukakaa juani mpaka abiria wakaanza kushuka na watoto wao. Kisa? Msafara wa mheshimiwa ulikuwa unapita. Hapo kusimama kando hakukuwa kosa! Wanasiasa wetu ndivyo walivyo: wakati wa kampeni wanatuahidi vituo vya kupumzikia malori vyenye vyoo na taa, wakishapata kura wanapita na magari yao vioo vikiwa juu, wakitutimulia vumbi.

Nawaomba wanaohusika na barabara watutengee sehemu za kusimama, na zilizovamiwa zirudishwe. Dereva aliyeweka triengo na kukutwa na spana mkononi asitozwe faini. Trafiki wafundishwe kuinama na kuangalia nati kabla ya kuuliza stika, na tajiri mwenye tela asiyetoa spana ya kipimo ndiye aandikiwe. Faini yangu nimelipa, na nati zikilegea tena nitasimama tena.

Dereva wa masafa marefu,
Dar es Salaam