Kosa la Jana na Leseni ya Muuguzi

Familia nyingi za hapa Ngarenaro huuza ng'ombe au hukopa kwenye kikundi ili kumsomesha mtoto uuguzi. Hebu fikirini kijana huyo amefaulu, kisha ananyimwa leseni kwa sababu miaka iliyopita alipatikana na hatia ya kupigana. Je, mlango umefungwa kabisa? Sisi tunaofanya kazi wodini tunasema: hapana, lakini usifunguliwe ovyo.

Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya mwaka 2010 imelipa Baraza la Uuguzi na Ukunga kazi ya kusajili wauguzi na kutoa leseni. Lengo ni kumlinda mgonjwa. Muuguzi wa zamu ya usiku hushika funguo za kabati la dawa, humwogesha asiyejiweza na hujua siri zake. Aliyewahi kuiba dawa au kumdhuru mgonjwa halingani na kijana aliyegombana stendi. Kwa hiyo hatuombi makosa yafumbiwe macho. Tunaomba yapimwe: ni kosa gani, alikuwa na umri gani, miaka mingapi imepita, na ameishi vipi tangu hapo.

Tena, kushtakiwa siyo kutiwa hatiani. Ibara ya 13(6) ya Katiba ya mwaka 1977 inakataza mshtakiwa kutendewa kama mkosaji kabla kosa halijathibitika. Ibara hiyo hiyo inampa mtu haki ya kusikilizwa kwa ukamilifu, na haki ya kukata rufaa au kupata nafuu nyingine ya kisheria dhidi ya uamuzi wa mahakama au chombo kingine.

Afanye nini basi? Aombe sababu za kunyimwa kwa maandishi, na aulize rufaa inapelekwa wapi na ndani ya siku ngapi. Achukue mahakamani nakala ya hukumu, maana maneno ya mtaani mara nyingi huzidi kosa lenyewe. Aambatanishe uthibitisho kwamba adhabu imekwisha, matokeo ya chuo, na barua za waliomsimamia wodini. Ikibidi, Mahakama Kuu huweza kuombwa ipitie uamuzi huo. Kibali cha kufanya hivyo huombwa ndani ya miezi 6. Asiye na fedha awatafute watoa msaada wa kisheria wanaotambuliwa na sheria ya mwaka 2017, asimhonge mtu anayejidai kujuana na wakubwa.

Jambo moja tunalisisitiza: asifiche. Fomu ikiuliza, ajibu kweli. Kosa la zamani huelezeka. Uongo wa leo ni kosa jipya. Wodini mwenzetu akisema sindano ameshachoma, tunamwamini, na maisha ya mgonjwa yanategemea neno hilo.

Nanyi wazazi, kama mtoto wenu ana hukumu ya nyuma, ulizeni Baraza kabla ya kulipa ada ya kwanza. Ni afadhali kujua mapema, ng'ombe akiwa bado zizini.