Ukuta si usanifu
Nimechoka na michoro ya hoteli za ufukweni huku Pwani: ukuta, geti, askari, bahari ya mwenye hela. Eti bila hivyo mgeni hapati faragha. Uongo! Tembea Mji wa Kale wa Lamu, ulioingia Urithi wa Dunia mwaka 2001. Nyumba ya mawe ina daka mbele ya mlango, na mabaraza ya kukalia pande mbili. Daka ni la mwenye nyumba, lakini mpita njia anakaa, anapiga stori. Ndani kuna tekani. Njia inapinda, kiwanda hukioni. Faragha hiyo, na geti hakuna. Wewe msanifu, chora daka linaloangalia maji, mvuvi apumzike kivulini. Ukishindwa, usisingizie usalama.