Nani kawaambia muziki uliisha kinanda kilipoingia?

Leo nina ugomvi na watu wa zilipendwa. Nisieleweke vibaya, siwachukii. Nimekulia kwenye vipindi vyao, na Jumapili mchana bila Marijani Rajabu au Mbaraka Mwinshehe kwangu haijawa Jumapili. Ila kuna kibwagizo kimoja hawakichoki: kwamba muziki wa kweli Tanzania ulikoma siku bendi zilipoleta kinanda cha umeme. Kabla ya hapo gitaa, tarumbeta na utunzi wenye akili. Baada ya hapo, wanasema, ni "muziki wa kubonyeza".

Nasema huo ni uongo. Tena ni uongo wenye gharama, na huku kwetu Tarime na Serengeti tunaulipia kila mvua inaponyesha juu ya bati lililotoboka na chini yake pana boksi la kanda.

Hebu tuanze na kinanda chenyewe. Duniani mwaka wa kukumbuka ni 1983, Yamaha ilipotoa DX7, kinanda ambacho kikaja kusikika kila kona ya dunia hadi kikachosha. Kabla yake vijana wa Uingereza walikuwa wameshaanza vurugu. Human League wa Sheffield na Depeche Mode wa Basildon waliweka gitaa pembeni, wakapiga mashine, na walioandika magazeti wakauita muziki wa namna hiyo wimbi jipya. Na huko nako walikuwapo wazee wa kusema huo si muziki! Walisema ni mashine, haina roho. Maneno ni yaleyale, lugha tu tofauti.

Kwetu mambo yalichelewa, na sababu inajulikana. Miaka ya mwanzo ya 80 fedha za kigeni hazikuwepo, maduka yalikuwa matupu, na mwaka 1983 ikaja kampeni ya wahujumu uchumi. Katika hali hiyo nani angejitokeza na kinanda kutoka Japani akaulizwa kakipataje? Bajeti ya 1984 ndiyo iliyolegeza, wenye fedha zao za kigeni wakaruhusiwa kuagiza bidhaa, na mwishoni mwa 1985 akaingia Mzee Ruksa. Hapo ndipo redio kaseti na vinanda vilipoanza kumiminika. Vijana Jazz, bendi ya Umoja wa Vijana iliyokuwa na Hemed Maneti, ilikuwa miongoni mwa za kwanza kuchanganya kinanda na ngoma za umeme kwenye dansi. Mzee anayeniambia kinanda kiliua muziki, ukimpigia Vijana Jazz ya miaka ile anainuka kitini. Nimewaona. Teh!

Na kuna hesabu ambayo wapenda tarumbeta hawaipendi. Safu ya tarumbeta ni watu watatu au wanne, kila mmoja anataka mshahara, nauli na wali. Kinanda ni mtu mmoja. Kwa bendi ya Dar iliyokuwa chini ya shirika la umma hilo lilikuwa jambo la kujadili kwenye kikao. Kwa kijana wa Mugumu aliyetaka kupiga muziki harusini, bila shirika wala chama nyuma yake, kinanda kidogo cha betri ndiyo ilikuwa bendi nzima. Ukiniambia kinanda kiliua muziki, wa kwako labda. Kuna watu wengine ndiyo kwanza kiliwapa wa kwao.

Sasa tuje mpakani. Vijana wenzangu wengi hawajui kwamba mpaka wa Tanzania na Kenya ulifungwa Februari 1977 na haukufunguliwa hadi Novemba 1983. Sirari hii unayoiona leo na malori yake, karibu miaka saba palifungwa kisheria (kisheria, narudia, watu wa Tarime mnajuana). Na kumbuka kwamba Tanzania haikuwa na kiwanda cha kufyatua santuri. Bendi ikitaka santuri ilikwenda Nairobi. Kwa hiyo ukifunga mpaka unafunga na muziki. Lakini mawimbi ya redio hayaulizwi pasipoti. Sauti ya Kenya iliingia Tarime bila kugonga muhuri, na aliyekuwa na redio kaseti alirekodi. Ndiyo maana maboksi ya kanda ya upande huu yana sura yake: benga upande mmoja, disko ya Ulaya upande wa pili, katikati tangazo la dawa ya meno ambalo mwenyewe alishindwa kulikata.

Kutoka upande huohuo wa Kenya ndiko walikotoka Mombasa Roots. Miaka ya 80 walichukua chakacha, ngoma ya akina mama wa pwani ya harusini, wakaitia kinanda na mdundo wa disko, wakaiita Disco Chakacha. Je, chakacha ilikufa? Ilitoka uani ikaenda hotelini, ikaenda disko, ikaja hadi bara. Taarabu nayo ilipopandisha kinanda mbele na wale East African Melody mwanzoni mwa miaka ya 90, walalamikaji walikuwa walewale. Kisha ikaja Bongo Fleva, ikazaliwa na kinanda na kompyuta, walewale tena. Kisha singeli. Mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilitoa mkusanyo wa singeli za studio ya Sisso ya Dar es Salaam, wazungu wakapagawa, na sisi tulikuwa bado tunauliza kama ule ni muziki au ni kanda iliyokwama.

Nitaeleza kwa nini naudhika hasa. Niliwahi kupeleka wazo kwenye kituo kimoja cha redio cha mkoa wetu, sikitaji jina. Niliomba saa moja tu kwa wiki, usiku, ya nyimbo za kinanda za miaka ya 80: za hapa, za Kenya, za Somalia, za Ethiopia, hata za hao Waingereza zisizojulikana. Jibu nililopewa: "Hizo siyo zilipendwa, kijana. Zilipendwa na nani?" Saa hiyo usiku inajazwa nyimbo 10 zilezile ambazo kila kituo cha nchi hii kinazo kwenye kompyuta.

Zilipendwa na nani! Ngoja nimjibu.

Mwaka 1985 Mwethiopia Hailu Mergia, akiwa Marekani, alirekodi kaseti akiwa peke yake na akodiani na vinanda, ikiwemo hiyo DX7. Baadaye ikasahaulika. Yeye akaishia kuendesha teksi Washington. Mwaka 2013 Mmarekani mmoja, Brian Shimkovitz, aliikuta kaseti hiyo Bahir Dar, mji ulio kando ya ziwa Tana. Hakuikuta makumbusho wala maktaba ya taifa, alikuta kaseti ya kawaida. Akamtafuta mwenyewe, wakaandikiana mkataba, ikatolewa upya mwaka huohuo. Mzee wa teksi akarudi jukwaani, na mwaka 2018 akatoa albamu mpya. Mwaka 2013 huohuo ndipo dunia ilipojua kuhusu William Onyeabor wa Enugu, Nigeria, aliyekuwa ametoa albamu zake za vinanda mwenyewe tangu mwishoni mwa miaka ya 70 kisha akanyamaza. Na siyo Afrika tu. Huko New York kuna lebo, Minimal Wave, tangu 2005 kazi yake ni kufukua kanda za vijana wa Ulaya na Marekani waliopiga sinthesaiza vyumbani kwao miaka ya 80, nakala chache, jina halijulikani. Watu wanazinunua. Wao hawaulizi zilipendwa na nani.

Halafu kuna Hargeisa. Mwaka 1988 serikali ya Siad Barre iliupiga mji huo mabomu. Watu wa redio na wapenda muziki walizifukia kanda ardhini zisiteketee. Narudia: ndege ziko juu, watu wanafukia kanda. Zilifukuliwa baadaye, na leo taasisi ya Redsea pale Hargeisa ina maelfu kwa maelfu ya kaseti. Kutoka humo ulitoka mwaka 2017 mkusanyo wa Sweet as Broken Dates, ukateuliwa kuwania Grammy. Sikiliza vinanda vya Wasomali wale uniambie kama havina roho.

Sisi hatujapigwa bomu. Tuna amani, tunajisifia kila siku. Na kanda zetu zinaoza kwa amani.

Najua atakayesema: "Tatizo ni wazungu, wanakuja kununua urithi wetu kwa elfu tano." Wapo wa namna hiyo, sikatai, na aliyerekodi ana haki chini ya Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, ana COSOTA ya kumsemea. Lakini hebu tuwe wakweli. Marijani Rajabu, Jabali la Muziki, miaka ya mwisho wa uhai wake alikuwa anauza kanda mtaani, akafariki 1995. Hakufanyiwa hivyo na mzungu. Nyimbo zake zilikuwa zinapigwa redioni kila siku na nchi nzima ikimwimba. Mnunuzi wa kutoka nje hununua tulichokwisha kukitupa.

Mwingine atasema: "Mbona RTD ilirekodi kila kitu, maktaba ipo TBC?" Ilirekodi waliofika studio ya Barabara ya Pugu. Mara Jazz ya Musoma ilijulikana, sawa. Lakini mpiga kinanda wa Nata au Nyamwaga nani alimlipia nauli ya Dar? Yeye hayupo kwenye tepu za taifa. Yupo kwenye kaseti moja, labda mbili, na pengine zote zipo kijiji kimoja.

Mzee mmoja wa Mugumu aliwahi kunipa mfuko wa kanda 11. "Chukua mwanangu, mimi sina tena mashine ya kuzipigia." Nne zilikuwa na ukungu mweupe, sikuthubutu kuziingiza kwenye redio. Moja ilifutwa ikarekodiwa mahubiri juu yake, muziki unasikika sekunde chache mwanzoni kabla mchungaji hajakohoa. Lakini mojawapo, imeandikwa kwa kalamu "Harusi 88", imenikaa kichwani hadi leo. Kinanda cha bei rahisi, mdundo wa mashine, na mwanamume anaimba Kingoreme. Mkono wa kushoto wa mpigaji haufuati disko. Anarudiarudia nyuzi za chini za iritungu, kile kinubi kikubwa cha Wakurya na jirani zao chenye nyuzi 8, ule mngurumo wa kuzunguka palepale mpaka kichwa kinakuwa chepesi. Huyu hakuwa anaiga wazungu. Alikuwa amekuta chombo kipya kinachoweza kupiga kitu cha zamani, akakipiga. Watu wakacheza, wanasikika wanapiga vigelegele. Hao ndio waliozipenda, bwana mkubwa wa redio.

Na gitaa je? Nalo lilikuja na meli! Babu zao hawa wanaolililia leo waliliita chombo cha wahuni.

Basi, mwenye boksi nyumbani, fanya hivi. Kanda yenye ukungu usiipige, itaharibu na mashine na kanda nyingine. Iweke peke yake mahali pakavu. Iliyokaa miaka bila kupigwa, ipeleke mbele mpaka mwisho kisha irudishe, ndipo uisikilize. Utepe ukilegea tumia penseli, kama zamani. Safisha kichwa cha redio kwa pamba na spiriti. Kisha waya kutoka tundu la hedifoni kwenda kwenye kompyuta, programu ya Audacity ni ya bure, na uhifadhi kwanza kama WAV, MP3 utatengeneza baadaye. Kanda usiitupe hata ukimaliza. Andika kwenye karatasi nani anaimba, nani anapiga, kijiji gani, mwaka gani, karatasi uifungie ndani ya jumba lake.

Na kama wewe, au baba yako, au mjomba, mnamjua mtu aliyekuwa akipiga kinanda kwenye harusi za Mugumu, Nata au Issenye mwaka 1988, naomba mniunganishe naye. Ninayo sauti yake, jina lake sina.