Mwalimu Mwanafunzi Baada ya Kengele ya Mwisho



Mwezi huu tumekusudia kuwazungumzia vijana wetu wanaosomea ualimu hapa Johannesburg. Hatutasema namna wanavyofundisha, kwani hayo yana wakaguzi wake. Tutasema namna wanavyoishi baada ya kengele ya mwisho kulia. Na hatuna budi kuanza kwa kukiri kosa letu wenyewe.

Katika madrasa yetu yuko binti anayesoma mwaka wa tatu wa ualimu. Jioni huwafundisha watoto wetu Qur'ani, na siku ya Jumamosi huwasaidia katika hesabu. Majira ya baridi yaliyopita alikuwa katika mazoezi ya kufundisha, zile wiki ambazo mwanachuo hupelekwa skuli akashika darasa chini ya uangalizi. Usiku mmoja baada ya sala ya Isha tulimpigia simu. Bibi mmoja aliyefika karibuni kutoka nyumbani alikuwa amezidiwa na maradhi, naye alihitaji mtu wa kumfasiria kwa daktari. Binti aliuliza neno moja tu: "Hakuna mwingine, mjomba?" Tukamjibu: "Nani mwingine, mwanangu, mwenye Kiingereza kama chako?" Akavaa koti akaja. Alikaa na yule bibi mpaka saa tisa za usiku.

Zilipita wiki mbili ndipo mama yake alipotueleza, tena bila ya kulaumu. Asubuhi ya usiku ule mkufunzi wake alifika darasani kumkagua. Andalio la somo lilikuwa nusu ukurasa. Zana alizokusudia kuzichora zilibaki vipande vya maboksi visivyo na kitu. Somo likamponyoka, na maksi alizopewa zilikuwa za chini kuliko zote alizowahi kupata. Yeye hakutuambia lolote. Jioni ya siku ile ile aliingia madrasani, akavua viatu, akaketi kuwasahihisha watoto wetu matamshi ya herufi kama ilivyo desturi yake.

Bibi alipona, alhamdulillahi, wala hatusemi kwamba msaada ule haukustahili. Linalotuuma ni kuwa hatukumwuliza kama kesho yake ana jambo. Tulidhani kwamba saa za mwalimu zilizo nje ya darasa ni saa tupu, mfano wa kiti kisichokaliwa, na kila mwenye haja ana ruhusa ya kukikalia.

Hapo ndipo tulipokosea, na tunaamini kuwa hatukukosea peke yetu. Somo la dakika 40 halizaliwi mbele ya ubao. Huzaliwa usiku uliotangulia, pale mwalimu anapojiuliza mtoto yupi hakuelewa jana, aanze na mfano gani, achore nini, aulize nini. Mwalimu mzoefu ameshayabeba mengi ya hayo kichwani. Mwalimu mwanafunzi huyajenga moja moja, na kila andalio huliweka katika jalada litakalokaguliwa. Ukimnyima usiku wake umemnyima somo lake, na watoto 40 walioketi mbele yake hawana habari kwamba aliyewapunguzia haki yao ni sisi.

Tuitazame siku yake ya majira ya baridi. Mwezi wa Juni jua la Johannesburg huchomoza karibu na saa moja asubuhi. Mwenye kukaa Mayfair na kupangiwa skuli ya mbali husali Alfajiri na kutoka kungali giza. Hupanda teksi ya abiria wengi mpaka mjini, kwenye kituo ambacho watu wangali wakikiita Bree ingawa barabara yenyewe sasa ina jina la Lilian Ngoyi, kisha hupanda ya pili. Hizo ni nauli mbili za kwenda na mbili za kurudi. Darasani husimama mpaka mchana. Akirudi, Magharibi imeshakaribia, maana jua la majira hayo huzama kabla ya saa kumi na moja na nusu, na watoto wa madrasa wanamngoja. Baada ya Isha ndipo anapofungua madaftari ya kusahihisha. Mwaka 2023, mgao wa umeme ulipokuwa mkali kuliko miaka yote, wako waliosahihisha kwa mwanga wa mshumaa.

Fedha nazo zina habari yake. Shahada ya ualimu huchukua miaka 4. Wako vijana wetu waliopata nafasi Chuo Kikuu cha Witwatersrand, ambacho skuli yake ya elimu ipo Parktown, mahali palipokuwa Chuo cha Ualimu cha Johannesburg mpaka kilipounganishwa nacho mwaka 2001. Wengine wako Chuo Kikuu cha Johannesburg kilichoundwa mwaka 2005, na wengine husoma wakiwa nyumbani kwa njia ya UNISA. Serikali ya nchi hii inao msaada wa masomo kwa wanaosomea ualimu, ulioanza mwaka 2007 kwa jina la Funza Lushaka, maneno ya Kivenda yenye maana ya kulifunza taifa. Neno funza tunalifahamu bila ya mkalimani, lakini msaada wenyewe umewekwa kwa ajili ya raia, na kijana mwenye kibali cha muda hubaki nje ya mlango. Basi huyo huuza dukani Jumamosi na Jumapili, siku ambazo wenzake hutayarisha masomo ya wiki. Mazoezi ya kufundisha hayana mshahara, na karatasi za manila, kalamu za rangi na kurudufu karatasi za mazoezi vyote hutoka mfukoni mwake.

Tena liko jambo ambalo wengi wao hawalisemi hata kwa wazazi wao. Darasani huitwa Mwalimu, na watoto husimama kumwamkia. Akivuka lango la skuli, huenda akaitwa kwa lile neno wanaloitwa wageni katika mji huu, na tunalijua sote. Huulizwa karatasi zake, hukosolewa lafudhi yake. Mtu anayevaa na kuvuliwa heshima mara mbili kila siku anahitaji nyumba ambamo hatalazimika kujieleza. Sisi badala ya kuwa nyumba hiyo tumekuwa mlango mwingine unaobishwa.

Ndugu zetu katika imani, jambo hili si geni katika historia yetu. Mtume (S.A.W.) katika msikiti wake wa Madina alikuwa na watu walioishi chini ya kipaa, wakiitwa watu wa Suffa. Walikuwa mafakiri wasiokuwa na jamaa wala mali mjini, na kazi yao kubwa ilikuwa kujifunza dini ili wawafundishe wengine. Masahaba waliokuwa na mashamba na biashara waliambiwa kwamba mwenye chakula cha wawili na amchukue wa tatu. Abu Huraira (R.A.) alikuwa miongoni mwao, naye amesimulia jinsi njaa ilivyokuwa ikimwangusha. Leo umma mzima unasoma Hadithi alizozihifadhi. Tujiulize: lau watu wa Madina wangemwona kuwa ni kijana asiye na shughuli, wakamtuma sokoni asubuhi na jioni, ni mangapi yasingetufikia?

Wale miongoni mwetu tuliosoma katika vijiji vya Tanzania tunao mfano wa karibu zaidi. Novemba 1974, huko Musoma, chama cha TANU kiliazimia kwamba elimu ya msingi iwafikie watoto wote ifikapo mwaka 1977. Walimu hawakutosha. Wakachukuliwa vijana waliomaliza darasa la saba, wakapewa madarasa, huku wenyewe wakijifunza ualimu kwa masomo ya posta na ya redio. Walifundisha sehemu ya siku, na sehemu iliyobaki wakawa wanafunzi. Watu waliwacheka kwa kuwaita walimu wa UPE, na mpaka leo wako wanaolitumia jina hilo kwa dharau. Lakini wangapi kati yetu walishikwa mkono na vijana hao wakaandika herufi ya kwanza? Walikuwa na upungufu, hatukatai, na sehemu moja ya upungufu huo ni kwamba waliachiwa mzigo wa watu wawili.

Na ardhi hii tunayokaa inayo deni na sisi, kama sisi tulivyo na deni nayo. Baada ya tarehe 16 Juni 1976 vijana wengi wa Soweto waliikimbia nchi yao. Tanzania ilitoa ardhi ya Mazimbu, Morogoro, na chama cha ANC kikajenga skuli iliyopewa jina la Solomon Mahlangu, kijana aliyenyongwa mwaka 1979. Hapakujengwa madarasa peke yake. Palikuwa na nyumba za kuishi, shamba, karakana na hospitali, kwa sababu waliojenga walifahamu kwamba mwalimu na mwanafunzi hula, hulala na huugua. Mahali hapo palikabidhiwa kwa serikali ya Tanzania mwaka 1992. Leo mabinti na vijana wetu wanapelekwa kufundisha watoto wa Soweto. Je, sisi tumewajengea nini?

Kwa wanachuo wenyewe tuna neno moja. Heshima kwa wakubwa haikulazimishi kunyamaza. Kusema, "Shikamoo mjomba, leo siwezi, kesho nakaguliwa," si utovu wa adabu. Anayekupenda atakuombea dua na kutafuta mwingine.

Kwa sisi wengine, tunapendekeza mambo yaliyo katika uwezo wetu. Kwanza, kila mwanachuo wa ualimu aandike tarehe za mazoezi yake, nazo zibandikwe ubaoni pale madrasani, na katika wiki hizo asipewe zamu ya kufundisha wala ya kufasiri. Pili, tuwe na orodha ya watu wengine wanaojua lugha za hapa, ili mgonjwa wa usiku asitegemee mtu mmoja. Tatu, wenye magari wanaopita Parktown, Auckland Park au Soweto kila asubuhi waseme wana nafasi ngapi. Nne, sanduku dogo la nauli na karatasi liwekwe baada ya sala ya Ijumaa, lihesabiwe mbele ya watu wawili. Tano, chumba cha nyuma cha madrasa kiwekewe meza na taa, kwani wako wanaoishi watu sita katika chumba kimoja.

Mwaka 2018 Waziri wa Elimu ya Msingi wa wakati ule, Angie Motshekga, alitangaza kwamba Kiswahili kitakuwa lugha ya hiari katika skuli za nchi hii kuanzia mwaka 2020. Tulifurahi sote, tukapeana mikono. Lakini lugha haifundishwi na tangazo. Itafundishwa na kijana aliyelala, aliyekula, na aliyepata usiku wa kuandaa somo lake.

Yule binti tulimwendea na mama yake yupo, tukamtaka radhi. Alicheka kidogo, akasema, "Yamepita, mjomba." Kisha akatazama saa, maana alikuwa na madaftari 43 ya kusahihisha. Tulitaka kukaa tunywe chai. Tukaaga.