Kwa nini Uhura ana riwaya na Ojwang' hana?

Kuna dhana iliyoota mizizi katika vyumba vyetu vya walimu kwamba riwaya zinazotungwa kutokana na michezo ya runinga, hasa ile ya kisayansi, ni makapi ya fasihi. Mwanafunzi akikutwa nayo chini ya dawati hunyang'anywa, kisha huambiwa akasome kitabu cha maana. Wanaoshikilia dhana hiyo hutoa hoja mbili. Ya kwanza ni kwamba mtunzi wa riwaya ya aina hiyo hakubuni wahusika wake bali amewaazima. Ya pili ni kwamba hana ruhusa hata ya kuwabadilisha, kwa kuwa mchezo ungali unaendelea na sharti awarudishe wazima, kila mmoja mahali pake. Basi wahusika hao, husemwa, hawana budi kuwa bapa.

Napinga dhana hii. Katika riwaya bora za mkondo huo, kuazima mhusika na kufungwa mikono ndiko kunakomlazimisha mtunzi kuchimba ndani ya nafsi ya mhusika, maadamu nje amezuiwa kujenga. Mfano wa kuthibitisha haya haupo mbali nasi, kwani mhusika mwenyewe amebeba jina lililotoka katika lugha yetu.

Mchezo wa Star Trek ulionyeshwa mara ya kwanza nchini Marekani tarehe 8 Septemba 1966. Miongoni mwa mabaharia wa chombo chake cha angani, Enterprise, alikuwamo afisa wa mawasiliano, mwanamke mweusi kutoka Afrika, aliyeitwa Uhura. Mwigizaji wake, Nichelle Nichols, aliyefariki mwaka 2022, alisimulia kwamba siku ya kujaribiwa kwa nafasi hiyo alikuwa na riwaya ya Robert Ruark iitwayo Uhuru, iliyotoka mwaka 1962 na kuihusu Kenya iliyokaribia kujitawala. Waandalizi walilipenda neno hilo, wakalilainisha likawa Uhura.

Hapa mwanaisimu hana budi kutabasamu. Kiswahili hakina jinsia ya kike na ya kiume katika majina. Yeye ni yeye, awe bibi au bwana. Wala shina huru, tulilolipokea kutoka Kiarabu, halibadilishi irabu yake ya mwisho ili kumtambulisha mwanamke. Irabu a iliongezwa na masikio ya kigeni yaliyozoea majina ya kike yaishie hivyo. Matokeo yake ni neno ambalo kwetu halina maana, ingawa kila Mswahili akilisikia hulijua lilikotoka. Naam, hivyo ndivyo mhusika mwenyewe alivyokuwa kwenye runinga: ametoka kwetu, lakini hakukamilika.

Waandishi wa mchezo walijua kwamba wameshika kitu cha thamani. Katika kipindi kile cha kwanza kabisa kuonyeshwa, kiumbe mwenye uwezo wa kujigeuza alimjia Uhura katika umbo la mwanamume mweusi na kumsemesha Kiswahili, kwani alijua kwamba hiyo ndiyo sauti ambayo mpweke yule angeifungulia moyo. Mwaka 1967, katika kipindi kingine, mtambo ulizifuta kumbukumbu zake zote ikabidi afundishwe kusoma upya kama mtoto. Alipotatizwa na Kiingereza alirudi kwenye Kiswahili, na muuguzi akamrejesha kwenye Kiingereza. Mwalimu yeyote wa lugha akiitazama sehemu hiyo ataona kwamba hapo pana riwaya nzima: mtu aliyepokonywa kila kitu isipokuwa lugha ya mama. Lakini mchezo ukapita haraka. Wiki iliyofuata Uhura alikuwa ameketi pale pale penye mitambo yake, akimwarifu nahodha kwamba kuna ujumbe.

Lililoachwa na runinga likaokotwa na vitabu. Hata jina lake la kwanza halikutoka kwenye kioo. Lilipendekezwa na William Rotsler katika kitabu cha wasifu wa wahusika hao kilichotolewa mwaka 1982, naye alichagua Nyota, neno la Kiswahili lisilotiwa irabu ya kigeni. Miaka 27 ilipita kabla ya jina hilo kutamkwa katika filamu, mwaka 2009. Kumbe kitabu kilichodhaniwa kuwa kivuli cha mchezo ndicho kilichoufundisha mchezo jina la mhusika wake.

Mfano ulio bora zaidi ni riwaya ya Janet Kagan iitwayo Uhura's Song, iliyochapishwa mwaka 1985. Kisa chake ni hiki. Katika sayari moja kumezuka maradhi yanayowaangamiza wenyeji, viumbe wanaofanana na paka, na binadamu pia wameanza kuambukizwa. Uhura alikuwa amefanya urafiki na mmoja wa viumbe hao, Sunfall, nao walizoea kubadilishana nyimbo. Baadhi ya nyimbo alizofundishwa ni za kale, na katika jamii ya rafiki yake zimekuwa mwiko. Uhura anapozikumbuka na kuzipima neno kwa neno, anang'amua kwamba ndani yake mna habari ya sayari nyingine ambako watu hao walitoka zamani, na ambako huenda dawa ikapatikana.

Tazama alivyofanya mtunzi huyu. Hakumpa Uhura bunduki wala hakumpandisha cheo. Alichukua mambo yale yale mawili ambayo runinga ilikuwa imeyaonyesha kwa juu juu, kwamba mwanamke huyu ana sikio la lugha na kwamba anaimba, akayafanya kuwa mhimili wa hadithi. Kazi ambayo kwenye kioo ilifanana na ya karani wa simu ikawa kazi ya mtaalamu: kusikiliza, kukumbuka, kulinganisha, kufasiri. Aidha, alimtia katika mgogoro wa kweli, kwani ili kuwaokoa rafiki zake hana budi kuigusa siri ambayo wao wenyewe wameifukia. Mhusika mwenye kipawa, mwenye kazi na mwenye mgogoro ndiye tunayemwita mhusika duara.

Sisi wa mwambao na wa bara hatuhitaji kufafanuliwa jinsi wimbo unavyoweza kuwa ghala la historia. Mtafiti wa Pate ya kale huisoma Al-Inkishafi si kwa mawaidha yake tu, bali pia kwa majumba yaliyoelezwa mle ambayo leo ni magofu. Kagan, Mmarekani, alilielewa jambo hilo, akalitia mikononi mwa mhusika aliyetoka pande zetu.

Sitaki nieleweke kwamba riwaya hiyo haina dosari. Daktari mmoja aliyebuniwa na mtunzi mwenyewe, Evan Wilson, anajua kila kitu na kupendwa na kila mtu, hata mara kwa mara anamfunika Uhura katika kitabu chenye jina lake. Hilo nalo ni somo: mhusika aliyeazimwa na kuwekewa mipaka ametoka akiwa hai kuliko yule aliyebuniwa kwa uhuru wote. Wala Kagan si peke yake. Mwaka 1984, John M. Ford alitoa The Final Reflection, riwaya ambayo mhusika wake mkuu, Krenn, ni wa taifa la Waklingoni, wale maadui ambao katika mchezo wa awali hawakuwa na kazi ila kutisha na kushindwa. Ford alitupa yatima aliyewahi kutumiwa utotoni kama kete hai katika mchezo wa wakubwa, akakua mpaka kuwa nahodha. Ukimaliza kuisoma huwezi tena kumwita adui kwa jina moja tu.

Ama kuhusu hoja ya kuazima, nawauliza walimu wenzangu: Sungura ni wa nani? Kila mtambaji hapa kwetu amemrithi, na hadhira inamjua kabla hajatajwa. Mtambaji hana ruhusa ya kumfanya Sungura mjinga wala Fisi mwenye kiasi. Ustadi wake huonekana katika namna anavyozipa tabia hizo zinazojulikana sababu mpya na maneno mapya. Abunuwasi alikuwa mshairi wa Baghdad kabla hajawa mcheshi wetu. Muhammad Kijumwa alipotunga utenzi wa Fumo Liyongo mwaka 1913, hakumbuni Liyongo. Alimpokea kutoka vinywani mwa watu, na mwisho wa shujaa huyo ulijulikana na kila mtoto wa Lamu. Hatujasikia mtu akiuita utenzi huo makapi. Mtunzi anayefungwa na mhusika wa kuazimwa ni kama malenga anayefungwa na vina na mizani. Aliye dhaifu hulia kwamba amebanwa, naye aliye hodari hupata nguvu pale pale alipobanwa.

Jambo hili linawahusu walimu na wanafunzi kwa sababu ya jinsi tunavyosomesha wahusika. Mwanafunzi wetu hukariri orodha: ni mkarimu, ni mwenye bidii, ni msaliti. Kwa kila sifa hutoa ushahidi, akapata alama zake, akasahau. Ameorodhesha sifa, lakini hajamwona mtu. Napendekeza jaribio dogo lisilohitaji fedha. Chukueni ukurasa wenye mazungumzo, mfute majina ya wasemaji, kisha mwulize darasa nani amesema nini. Kama wahusika wote wanazungumza kwa sauti moja ya mwandishi, basi hata wakipewa sifa kumi wangali bapa. Riwaya za runinga zinafaa sana kwa jaribio hili, kwa kuwa mwanafunzi aliyeutazama mchezo anazo sauti za wahusika masikioni. Atamshika mara moja mwandishi anayemsingizia mtu maneno yasiyo yake.

Tukigeukia uwanja wetu wenyewe, ukame ni mkubwa. Hatukosi kabisa watunzi waliopeleka hadithi angani. Marehemu Katama Mkangi, katika Walenisi ya mwaka 1995, alimtia Dzombo, aliyehukumiwa kifo, katika chombo kilichomfikisha nchi nyingine, nchi ambayo jina lake ukilitenganisha utapata wale ni sisi. Ni riwaya ya kuheshimiwa. Hata hivyo, wahusika wake wengi wamebebeshwa fikra kiasi kwamba wanakosa nafasi ya kukohoa au kupiga soga. Mtunzi alikuwa na nchi ya kuikosoa, na aliikosoa barabara. Lakini fasihi ya kisayansi ya Kiswahili haiwezi kuishi kwa istiari pekee.

Wahusika wenye sauti tulikuwa nao kwenye runinga yetu, tukawaacha wafe na waigizaji wao. Nani asiyemkumbuka Mzee Ojwang' wa Vitimbi? Marehemu Benson Wanjau, aliyefariki mwaka 2015, hakuzaliwa Mjaluo, lakini alimjenga Ojwang' kwa lafudhi ya Kiluo, kwa mpangilio wa maneno na kwa namna ya kutaharuki, hata ukimsikia kutoka chumba cha pili ungejua ni yeye na ungejua amegombana na Mama Kayai. Futa jina lake katika mazungumzo yoyote, bado utamtambua. Huyo ni mhusika aliyefaulu jaribio letu kabla hatujalitunga. Ojwang' alitazamwa na kupendwa na watu wa mijini na mashambani kwa miaka mingi, lakini sijui hata riwaya moja iliyomfuata nyumbani kwake baada ya kipindi kuisha, ikatuambia alikuwa akiwaza nini taa zilipozimwa.

Wala malighafi ya kisayansi hatuikosi. Hapa Uthiru ninapoishi, kandokando ya barabara ya zamani ya Naivasha, ndipo penye makao ya Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mifugo, iliyoundwa mwaka 1994 kwa kuunganisha maabara ya Nairobi na kituo cha Ethiopia. Humo wataalamu wamekuwa wakipambana na ndigana kali, ugonjwa unaoenezwa na kupe na kuwafilisi wafugaji wa Afrika Mashariki. Nje ya ua wake kuna watoto wanaosema Kikuyu au Kiluhya nyumbani, Kiswahili sokoni, Sheng kwenye matatu na Kiingereza darasani, nao huvuka kutoka lugha moja hadi nyingine bila kujikwaa. Mwaka 2022, mchezo mpya wa jamii ya Star Trek ulipotaka kueleza jinsi Uhura alivyofikia kusema lugha 37, ulieleza kwamba alikulia Kenya, nchi yenye lugha nyingi. Wageni wamekwisha kuyaona yanayopita mlangoni petu kila asubuhi.

Walimu, msiwapokonye wanafunzi vitabu hivyo. Wasomeni pamoja nao, mwaulize ni wapi mhusika amepumua na ni wapi amekuwa sanamu. Kisha wapeni zoezi: mtumeni Ojwang' angani, mumweke katika chombo kimoja na mtaalamu wa kupe kutoka Uthiru na binti wa Kangemi anayesikia lugha ambazo wengine hawazisikii. Sharti liwe moja tu, kwamba Ojwang' abaki Ojwang'. Mwanafunzi atakayefaulu katika zoezi hilo atakuwa amejifunza kuhusu mhusika mambo ambayo orodha ya sifa haitamfundisha kamwe. Nasi tutakuwa tumeanza kuandika kwa Kiswahili riwaya ambazo, mpaka sasa, zimeishia kutuazima majina.